Vali Tatu za Marehemu

Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe na hakikutoa sauti.

Fundi alikuwa amesimama jikoni, saa tisa alasiri, akili yake ikiwa bado kwenye kazi aliyoiacha mezani. Alikoroga chai kwa nguvu kama kawaida yake, na ilimchukua muda kutambua kitu gani kinamkera. Akagonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe. Kimya. Akakigonga kwenye sinki la bati, nalo likalia ngwa! vizuri kabisa. Akarudi kwenye kikombe. Kimya, kana kwamba anakoroga pamba.

"Ni uchovu tu," alijiambia.

Ndipo kutoka sebuleni mama mkwe wake akapaza sauti: "Nani huyo anakoroga chai kama anachanganya saruji?"

Fundi aliganda. Mama mkwe wake alikuwa kiziwi. Homa ilimnyang'anya masikio yote mawili miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hakuwa amesikia mlango, wala radi, wala jina lake mwenyewe.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Huyu mwanamke, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani, alifufua vyombo vya sauti vya zamani: redio za mbao, gramafoni, amplifaya za enzi ya vali, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kwa mwanga mwekundu kama kaa lililofunikwa majivu. Mume wake alichora mabango ya maduka. Binti yao wa miaka kumi walimwita Kasuku, na aliyembandika jina hilo hakukosea, maana mtoto huyo alianza kusema alipofumbua macho asubuhi, na usingizi ulimkuta katikati ya sentensi. Bibi yake Kasuku, mama wa mume, alishinda sebuleni akisoma midomo ya watu na kusema kwa sauti kubwa mambo ambayo wenzake hunong'ona.

Siku kumi kabla ya kijiko hicho, Mfamasia wa duka la dawa la barabara kuu alikuja karakana amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka.

"Alikitengeneza marehemu baba," alisema. "Alikuwa mwalimu wa fizikia. Kila kitu kwa mkono wake."

Fundi alikifungua akapiga mluzi. Kilikuwa priampu, kifaa kinachopokea sauti nyembamba kutoka kwenye sindano ya gramafoni na kuipa mwili kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya kubwa. Sanduku lake lilikuwa limekatwa kutoka kwenye sinia la alumini, na alama za kisu cha jikoni zilionekana bado chini yake. Kitasa cha kuongezea sauti kilikuwa kizibo cha chupa ya wino. Nyaya zilikuwa zimevikwa nguo, zimepindwa kwenye kona kwa unadhifu wa mtu mwenye subira ya kutisha. Juu zilisimama vali tatu.

"Unataka iwe kama mpya?"

"Nataka iwe kama zamani." Mfamasia alifuta jasho shingoni. "Badilisha chochote kilichooza. Ila vali, tafadhali, usiziguse. Hata ukiona zimechoka."

Kwa Fundi hilo halikuwa ombi la ajabu, wateja wa vyombo vya zamani wana mambo yao. Alifanya kazi kwa siku tisa na raha tele. Alitoa kapasita za nta, vile vidude vya kuhifadhia umeme, zilizokuwa zimevuja kama mishumaa, akatia nyingine, akasugua kutu, akalehemu upya kila kiungo kilichokufa. Siku ya kumi, mchana, aliwasha. Vali zikapata wekundu taratibu. Akaweka santuri ya kinanda, na sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa safi hata akahisi mpigaji amekaa kwenye kiti cha wateja.

Kitu kimoja kilimsumbua. Mitambo iliyotengenezwa nyumbani huvuma. Hata ukiifanyia nini, itavuma kidogo, kama nyuki aliyefungiwa kopo. Huu haukuvuma. Santuri ilipokwisha alikaribiza sikio kwenye spika, na alichokikuta kilikuwa kimya kizito, cha mtu aliyeshika pumzi ili asikilize. Akauacha ukiwaka ili upate joto, akaenda kuchemsha chai.

Baada ya kijiko, ukafuata ufagio. Fundi alifagia uani na majani makavu yakahama bila mchakacho. Kisha bawaba ya mlango wa nyuma, ambayo kwa miaka minne ilikuwa ikilia kama mbuzi na mume kila wiki akiahidi kuitia mafuta, ikanyamaza.

"Hatimaye umeitia mafuta," Fundi alimwambia.

"Nani, mimi?" Mume alicheka. "Nilidhani umechoka kunisubiri, umetia mwenyewe."

Wakatazamana. Na Bibi, aliyekuwa amewapa mgongo akipepeta mchele, akasema kwa furaha: "Huo mlango jamani! Bado unalia vilevile!"

Nyumba nzima ilisahau hofu kwa siku mbili, kwa sababu ya furaha ya Bibi. Mvua ilipopiga bati wao hawakusikia kitu, waliona tu matone yakitua kimya kwenye ndoo, lakini Bibi alitoka barazani akanyoosha mikono, akacheka na kulia kwa pamoja, akisema, "Mvua! Mwaisikia? Nilikuwa nimesahau kwamba huanza kidogokidogo." Mwanawe alimpeleka kwa daktari. Daktari alimpima kwa mashine akarudia mara mbili, kisha akasema masikio yale yamekufa kama yalivyokuwa, na kwamba wazee wengi husoma midomo kwa ustadi.

"Mvua ina midomo?" Bibi aliuliza njia nzima ya kurudi.

Fundi ndiye aliyeanza kukosa raha. Mtu hajui jinsi anavyoyategemea masikio kukaa nyumbani kwake mpaka nyumba imnyamazie. Alikuwa akikanyaga sakafu bila kusikia hatua zake, akageuka mara kwa mara kuhakikisha yupo. Bomba lilimwaga maji kama linamwaga kivuli. Alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga, akashika kazi moja akaiacha akashika nyingine, na kila alipopita karakana alihisi ule mtambo wa sinia umemwelekea. Alikuwa ameuzima tangu siku ya pili. Siku ya nne alichomoa waya kabisa ukutani. Siku ya sita, alipokuwa akitafuta koleo, mkono wake ulipita karibu na zile vali akahisi joto. Akainama. Ndani ya kioo, chini kabisa, palikuwa na chembe nyekundu, na harufu ilikuwa ya vumbi linaloungua pamoja na nywele mbichi.

Waya ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote.

"Mama Kasuku," mume alinong'ona alipooneshwa. "Labda kuna umeme uliobaki ndani. Si uliniambia hubaki?"

"Hubaki dakika chache. Si siku mbili."

"Basi umrudishie mwenyewe leo hii hii."

"Kesho asubuhi," alisema Fundi. "Leo amefunga duka."

Kesho yake walichelewa.

Fundi alikuwa ameshaufunga mtambo kwa ile shuka, akisubiri tu mume arudi wafuatane, pale Kasuku alipoingia kutoka shule saa saba mchana, begi mgongoni, hadithi mdomoni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake amefumba macho. Kasuku alisimama katikati ya sebule kama mtangazaji.

"Mama, leo tumefanyiwa kioja! Mwalimu wa hesabu ameingia na viatu viwili tofauti, kimoja cheusi kingine cha kahawia, sasa yule rafiki yangu mrefu akanyoosha mkono akasema, mwalimu, samahani, naomba kuu..."

Sauti ilikatika. Mdomo haukukatika. Kasuku aliendelea, macho yakimetameta, mikono ikionyesha jinsi mwalimu alivyotazama miguu yake, midomo ikienda mbio, na hakuna kilichotoka. Fundi alidhani ni masikio yake. Akasikia gari likipita barabarani. Akasikia jirani akikohoa. Kutoka kwa mtoto wake, hakuna kitu.

Kasuku naye alitambua. Alijishika koo. Alifungua mdomo wote, mishipa ya shingo ikamtoka, na Fundi aliona kwa macho yake mayowe ya mwanawe yasiyosikika.

Bibi, macho bado yamefumbwa, alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Enhe," alisema. "Kisha mwalimu akasemaje? Usiache hapo, mjukuu wangu."

Fundi alikimbia karakana, akararua shuka, akachomeka hedifoni, na akazungusha kile kizibo cha wino mpaka mwisho. Na humo ndani, nyuma ya kile kimya kilichoshika pumzi, alisikia kijiko chake kikigonga kikombe, akasikia bawaba ya mlango wa nyuma, akasikia ufagio na mvua na hatua zake mwenyewe zikienda na kurudi juu ya sakafu, akasikia mbali sana mwanamke asiyemjua akiimba, na karibu kabisa, karibu kama mtu anayemwekea mdomo sikioni, akasikia mwanawe akisema, Mama, Mama, mbona huku kuna joto, Mama, mbona kila mahali ni pekundu.

Mume alimkuta ameketi sakafuni amemkumbatia Kasuku, hedifoni shingoni. Alielezwa yote. Alichukua nyundo.

"Usithubutu!" Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na walikuwa hawajamwona akisogea kwa kasi hiyo kwa miaka. "Ukivunja, unamvunja na yeye. Namsikia. Yumo. Anakuomba, baba, usipige."

Nyundo ilishuka taratibu.

Walimkuta Mfamasia nyuma ya kaunta yake nyeupe. Aliwaona, akamwona Kasuku ameshikwa mkono, mdomo umefungwa, macho yamevimba, akawaambia wateja wawili waliokuwepo kwamba duka limefungwa.

"Amekuwa bubu?" aliuliza.

Mume alimkamata ukosi wa koti. "Ulijua?"

"Mama yangu alikuwa akiimba," Mfamasia alisema, bila kujitetea. "Watu walisimama dirishani kumsikiliza. Baba alipomaliza kutengeneza ule mtambo, mwaka huohuo mama akanyamaza. Hakutamka neno tena hadi kufa. Na baba akawa anakaa chumbani kwake amevaa hedifoni, analia."

"Ukauleta nyumbani kwangu," Fundi alisema. "Nyumba yenye mtoto."

"Baba aliulisha. Santuri, asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yake. Alisema ukishiba hauchukui cha mtu. Mimi nilidhani..." Alitazama chini. "Umekaa sandukuni miaka saba tangu afe. Nilidhani umekufa naye. Nilitaka tu ufunguke, nimsikie mama mara moja. Mara moja, Fundi. Nisamehe."

"Mwambie mtoto akusamehe," alisema mume. "Tusikie atakujibuje."

Ni mume huyohuyo aliyemkumbuka Fundi Viatu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemchorea bango la kibanda chake, na mama huyo alikataa katakata kuandikwa kazi yake ya pili, ya kutoa mapepo. "Andika viatu," alimwambia. "Wale wengine huja bila bango."

Alikuja jioni ileile, jua likiwa bado juu ya mapaa. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, vidole vyake vyeusi kwa rangi ya viatu, na mfukoni alikuwa na uzi wa kushonea soli na ile sindano yake ndefu yenye mpini. Mfamasia alimfuata nyuma, akabaki amesimama mlangoni kama mtu asiyejua kama amealikwa. Fundi Viatu alizunguka karakana mara moja, akanusa, ucheshi ukamtoka.

"Masikio ya Bibi yalikuwa vyumba vitupu," alisema. "Hilo lililomo mtamboni limepanga humo. Ndiyo maana kila linachokula, yeye anakisikia. Tutazungumza nalo kupitia kwake." Akamgeukia Bibi, akatamka polepole ili midomo isomeke. "Mama, unaniona ninachosema?"

"Nakuona. Umekosa jino moja kushoto."

"Sawasawa. Mimi nitauliza, wewe utanipa jibu lake. Usiongeze lako."

Aliugonga mtambo kwa sindano mara tatu. Vali ziliwaka, ingawa waya ulikuwa mikononi mwa Fundi. Karakana ilijaa ile harufu ya nywele. Kasuku alijificha nyuma ya baba yake.

"Wewe ni nani?"

Bibi aliinamisha kichwa kama anayesikiliza simu. "Linasema halikuwa na mahali. Lilikuwa likipita hewani kama yapitavyo matangazo ya redio, halitui. Yule mwalimu akalitengenezea mlango."

"Linataka nini?"

"Linasema lina njaa. Linasema santuri ni chakula cha jana." Bibi akamtazama Kasuku. "Linasema mtoto ni mtamu."

"Liambie lirudishe sauti ya mtoto, mlango ufungwe kwa amani."

Sauti ya Bibi ilibadilika. Ilikuwa yake bado, lakini haikupanda wala kushuka, kama ya mtu anayesoma orodha. "Sirudishi. Kinachoingia hakitoki bure. Nipe kingine kwa hiari, kikubwa kuliko hiki."

"Lichukue yangu!" Fundi alisema kabla hajamaliza kufikiri, na mume wake palepale akasema, "Hapana, yangu, mimi kazi yangu ni brashi, sihitaji kusema," na wakawa wanagombania nafasi ya kuwa bubu mbele ya ule mtambo mwekundu, kila mmoja akimsukuma mwenzake nyuma, mpaka Bibi akapiga mkono mezani.

"Hamtakiwi," alisema, na sasa ilikuwa sauti yake kamili. "Linasema mkwe wangu anaongea kidogo mno, na wewe, mwanangu, nusu ya maneno yako ni ahadi. Linataka sauti iliyojaa. Miaka sabini na minne ya maneno." Akatabasamu kwa uchungu. "Linanitaka mimi."

"Hapana, Mama."

"Nyamaza wewe. Unanionea huruma kwa kipi? Nimesikia siku saba ambazo sikuzitarajia. Nimesikia mvua. Na tangu mchana nimekuwa nikimsikia huyu mtoto akilia humo ndani, nanyi hamumsikii. Sikai. Situlii. Nitoeni."

Fundi Viatu alimsogelea ili midomo isomeke. "Ni hiari yako, Mama? Ukishasema, mimi sina nguvu ya kurudisha."

"Ni yangu. Ila linisubiri kidogo, lina njaa ya miaka saba, dakika mbili hazitaliua."

Akamwita Mfamasia kwa kidole. Mtu mzima yule alisogea kama mwanafunzi. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akaanza kuimba, si vizuri, sauti yake haikuwa ya kuimba, lakini polepole na kwa uangalifu, kila neno mahali pake, wimbo aliokuwa akiusikia humo ndani kwa siku zote saba. Mfamasia alisikiliza ubeti wa kwanza amesimama. Wa pili alishuka sakafuni, na alimaliza kuusikia akiwa ameshika mguu wa meza.

Kisha Bibi alimwambia mwanawe maneno sikioni, na alichomwambia hakikujulikana, maana mwanawe hakukisema kwa mtu. Mwisho akamgeukia Fundi.

"Mkwe wangu, nimekusema sana kwa majirani."

"Najua, Mama."

"Mengine yalikuwa uongo."

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho. Bibi aliinama juu ya mtambo, akaweka midomo kwenye kile kitundu kinapoingia waya wa gramafoni, na akataja jina lake mwenyewe, lote, la kwanza na la baba na la babu na lile la utani alilopewa utotoni. Sauti ilianza imejaa karakana. Ilipofika jina la babu ilikuwa imepungua kama taa inayoishiwa mafuta, na la utani waliliona tu kwenye midomo.

Kasuku akakohoa. "Mama," alisema. Kisha akapiga mayowe yote aliyokuwa ameyaweka tangu mchana, na hakuna muziki uliowahi kupita kwenye karakana ile uliopokewa kwa shukrani kubwa kama mayowe hayo.

"Sasa!" Fundi Viatu alisema. "Zing'oe!"

Fundi alizishika vali kwa kitambaa cha ngozi akazivuta moja baada ya nyingine. Kila moja ilipotoka ilipasuka mstari mwembamba, tik, na ule upako wa fedha uliokuwa ndani ya kioo ukageuka mweupe kama maziwa, jambo ambalo hutokea hewa ikiingia, na hapo vali haifufuki tena. Fundi Viatu alikata nyaya kwa kisu chake cha soli, akashona lile sinia ndani ya mfuko wa ngozi, mishono ya karibu karibu.

"Limekwenda?" mume aliuliza.

"Limetoka kwenye chuma," alisema yule mama, akiwa ameinamia uzi wake.

"Na sauti ya Mama?"

"Hiyo si yenu tena."

Nyumba ilirudishiwa vitu vyake. Bomba lilimwaga maji kwa kelele, bawaba ikaanza kulia, na mume alipoitazama alisema ataiacha hivyohivyo. Bibi hakusikia tena wala hakusema. Wiki ya kwanza alikaa amegeukia ukuta. Wiki ya pili alianza kugombana na watu kwa mikono, na Fundi aliyaelewa matusi mengi kuliko alivyotarajia. Kasuku alisema kwa ajili ya watu wawili. Fundi aliacha kabisa kupokea mitambo iliyotengenezwa majumbani.

Asubuhi moja ya mapumziko, Kasuku aliketi barazani miguuni pa Bibi akimsomea kitabu cha hadithi kwa sauti. Bibi alikuwa amegundua njia yake: alimwekea mjukuu kiganja kifuani, akahisi maneno yakipita, na mahali pa kuchekesha, ambapo kifua kiliruka, naye aliruka mabega. Mume alikuwa uani akichora bango. Fundi alisimama mlangoni na kapu la nguo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu miguu yake haikumwambia aende mahali pengine.

Kasuku alifika mwisho wa ukurasa, akanyamaza atazame picha.

Bibi hakutoa mkono. Uso wake ulibaki ulivyokuwa, kisha ukabadilika kidogo, kisha ukabadilika wote. Aliinua macho yakamtafuta Fundi. Akamwita kwa kichwa. Fundi aliweka kapu chini, akaja, na Bibi akaushika mkono wake akaulaza kifuani pa mtoto, pale kiganja chake mwenyewe kilipokuwa.

Kifua kilikuwa kikiendelea kusoma.

Kilitetemeka neno kwa neno, kikasimama penye nukta, kikaendelea, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Midomo ya Kasuku ilikuwa imefungwa.

"Kasuku," Fundi alinong'ona. "Unasoma kimoyomoyo?"

"Hapana, Mama. Naangalia picha." Sauti ilikuwa yake, nyembamba, ya kawaida. "Mbona mnanishika nyote?"

Na alipokuwa akiyasema hayo, chini ya kiganja cha mama yake, ile nyingine haikunyamaza kumpisha.

Bibi alimkazia Fundi macho, mdomo wake ukifunguka na kufungika bila kitu. Uani mume alikuwa akipiga mluzi. Fundi alikumbuka maneno ya Mfamasia, kwamba likishiba halichukui cha mtu. Aliinua mkono wake ule mwingine, akafungua ukurasa unaofuata, akauweka mbele ya mtoto.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Soma kwa sauti. Usinyamaze."